Kinachobaki Mkononi

Hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, mtu akisikia jirani yake ananunua gari, swali la kwanza ni mwaka. Bei itafuata, rangi itafuata, hata jina la muuzaji litafuata. Namba ikiwa kubwa, watu huitikia kwa kichwa. Ikiwa ndogo, hupita kimya kifupi, kisha mmoja husema kwamba magari ya zamani yalikuwa na chuma cha kweli, na mwenzake hujibu kwamba chuma peke yake hakipandi mlima. Ubishi huo nimeusikia sokoni Mulongwe, bandarini Kalundu, na hapa kwetu Kimanga kwenye kila kivuli chenye fundi. Kila upande una haki yake, ndiyo maana ubishi wenyewe hauishi.

Nimeufikiria sana tangu dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, na akina mama wenzake walipoanza kutafuta Hiace. Ni wafanyabiashara wa samaki. Hushuka Swima, Mboko na Baraka kununua ndagala wakavu na mawese, kisha hupandisha mzigo hadi Uvira, na wengine huuvusha mpaka Bukavu. Kwa miaka mingi wamelipia nafasi kwenye magari ya watu, magunia juu, wao ndani wamebanana, saa ya kuondoka ikipangwa na mwenye gari. Likelemba yao, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, ilipopata nguvu, wakaamua sasa basi, watanunua la kwao. Baada ya kuzunguka sana yakabaki magari mawili: moja la 1996, jingine la 2005. Yote mawili yalikuwa tayari hapa mjini na karatasi zake za Kongo, na yote mawili yalikuwa yanatembea. La 2005 lilikuwa ghali zaidi, na tofauti ya bei ilitosha kununua injini ya boti. Yaya akaniomba nikae nao tufikiri pamoja. Ninaandika tuliyoyafikiri kwa sababu yanamhusu yeyote aliyesimama kati ya la zamani na la karibuni, liwe gari, boti au mashine ya kusaga muhogo.

Tuanze na huo mwaka wenyewe. Toyota ilitoa kizazi kimoja cha Hiace mwaka 1989, na huko Japani kikaendelea kuundwa hadi 2004. Mwaka huohuo wa 2004 kikaja kizazi kingine, chenye bodi nyingine, injini nyingine na nyaya nyingine. Kwa hiyo Hiace ya 1991 na ya 2003 ni ndugu wa tumbo moja ingawa zimepishana miaka 12, wakati ya 2003 na ya 2005 hazijuani ingawa zimepishana miaka miwili tu. Miaka ya magari haina uzito sawa. Kuna miaka 10 ambayo haikubadilisha kitu ila taa za mbele na kitambaa cha viti, na kuna mwaka mmoja uliobadilisha kila kitu. Anayenunua kwa kutazama namba tu anaweza kulipia mwaka mtupu, au akaukwepa ule mmoja wenye maana.

Serikali nazo zimejaribu kuweka mpaka, na hazikubaliani. Kenya haipokei gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8. Kongo ilitoa amri mwaka 2012 iliyoweka mpaka kwenye miaka 10. Uganda mwaka 2018 ikapitisha sheria yenye mpaka wa miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, lakini hutoza ushuru wa uchakavu, unaoanza gari likipita miaka 8 na kupanda likipita 10. Gari lilelile likiwa melini linaweza kukataliwa Mombasa, likatozwa zaidi Dar es Salaam, na likapata namba Kampala. Sizilaumu nchi hizo. Kila moja inalinda barabara zake na hewa yake kadiri inavyoona. Lakini mnunuzi asidhani kwamba umri wa gari ni jambo ambalo wakubwa wameshalipatia jibu, limebaki kusomwa kwenye karatasi.

Kuna pia swali ambalo hatuliulizi vya kutosha: yule Mjapani aliyelimiliki gari kwanza aliliuza kwa nini? Kwao gari hukaguliwa kwa sheria, na magari madogo ya mizigo, baada ya miaka miwili ya kwanza, hukaguliwa kila mwaka. Ukaguzi una gharama. Gari la dizeli likipita miaka 11, kodi yake huongezwa. Mara nyingi basi mtu huliuza gari zima kabisa, kwa kuwa kulimiliki kumekuwa ghali kuliko thamani yake sokoni kwao. Hilo ni bahati yetu. Lakini kuna sababu ya pili, na hiyo inauma. Oktoba 2003, Tokyo na majimbo ya jirani yake yalipiga marufuku malori, mabasi na magari ya mizigo ya dizeli yanayotoa masizi kupita kiasi. Gari la 1996 lililokuwa likipeleka mizigo madukani huko likawa halina ruhusa ya kuingia mjini bila kufungwa kifaa cha kuchuja moshi. Moshi uliokataliwa kule haukufa; ulipanda meli pamoja na injini yake. Ninapoona Hiace ya umri huo ikiachia wingu jeusi mbele ya watoto wanaotoka shule hapa Kimanga, huwa nakumbuka kwamba kuna mji uliosema moshi huo haufai kwa watoto wake.

Siku ya kuyakagua tulikwenda asubuhi mapema, injini zikiwa bado baridi, maana injini iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika huficha mengi. Fundi tuliyemchukua ni mzee wa hapa Kimanga aliyeanza ufundi akiwa kijana, na hakufungua injini kwanza. Aliinama kwenye tairi. Ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne ndani ya duara jembamba: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Kwenye gari la 2005 tairi zilikuwa na kina kizuri cha meno, zinapendeza, lakini tarakimu zilisema 2012, na mpira ulipokunjwa kwa kidole gumba ulionyesha nyufa ndogondogo kama nywele. Gari la 1996 lilikuwa limevaa tairi za 2022. Rejeta ya gari la zamani ilikuwa mpya. Ya lile la karibuni ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani, na pembeni ilishaota chumvi ya kijani. Nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: gari halina umri mmoja. Lina miaka mingi ndani yake, na baadhi ya miaka hiyo imeishi kinyume na ule ulioandikwa kwenye karatasi.

Kisha akavuta mikanda ya viti mpaka mwisho wake. Uvira lazima ufanye hivyo. Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka na milima yake, ukabeba nyumba na watu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda mpaka likaingia vyumbani kwa watu wa pwani. Magari mengi yalilala majini miaka hiyo, yakakaushwa juani, yakapigwa rangi, yakauzwa. Viti huoshwa na mazulia hubadilishwa, lakini ile sehemu ya mwisho ya mkanda inayobaki imejikunja ndani ya ubavu wa gari haioshwi na mtu, na tope huacha mstari wake pale. Mikanda ya gari la 2005 ilitoka safi. Gari la 1996 halikuwa na mikanda ya kuvuta huko nyuma. Viti vya abiria vilikuwa vya kuchomelea, na mikanda ilikuwa miwili tu ya mbele, wa dereva ukiwa umekatwa.

Akawasha ufunguo wa gari la 2005 bila kuwasha injini, akatazama dashibodi. Taa zote za tahadhari ziliwaka, kisha zikazima moja baada ya nyingine. Akatueleza kwamba taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka muda wote, kwa sababu mara nyingi ina maana kwamba mtu ameing'oa ili isiseme. Taa ya breki za kisasa, zile zisizofunga magurudumu ghafla, iliwaka na kuzima inavyotakiwa. Gari la 1996 halikuwa na taa hiyo, kwa kuwa halikuwa na breki hizo.

Mwisho akafungua milango. Magari haya yameundwa kwa nchi inayoendesha kushoto, na sisi Kongo tunaendesha kulia. Gari la 1996 lina mlango mmoja wa kuteleza, uko kushoto. Likisimama pembeni mwa barabara yetu, mlango unafungukia katikati ya barabara. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi anashuka akitazamana na pikipiki zinazokuja. Tumelizoea jambo hili hapa na Bujumbura hata hatulioni tena. Gari la 2005 lilikuwa na mlango kila upande, na mama huyo angeshukia upande wa nyumba.

Hadi hapo ningeweza kusema jambo limekwisha. Mikanda, breki, mlango, moshi mdogo: la karibuni limeshinda. Yaya alikuwa ameshaanza kutabasamu. Ndipo fundi akasema neno lake, akimwelekea yeye:

"Mama, hii ya zamani nakuambia magonjwa yake yote hata nikiwa usingizini. Ikisimama Makobola, kuna mtu pale. Ikisimama Mboko, kuna mtu. Ile ingine ni nzuri, sikatai. Lakini ikisimama njiani, mimi mwenyewe naweza kuisimamia juu nikaitazama tu."

Hakuwa akijitetea. Injini ya gari la 1996, ya lita 2.8, hupata mafuta yake kwa pampu ya kawaida inayosukumwa na injini yenyewe. Haijui kompyuta. Mazutu, yaani dizeli, yakiwa na maji kidogo au uchafu kidogo, inakohoa, inatoa moshi, inapoteza nguvu, lakini inakufikisha. Nozeli zake hufunguliwa, hupimwa na kusafishwa na fundi mwenye kifaa cha mkono. Injini ya gari la 2005, ya lita 2.5, ina turbo, na mafuta yake hukaa kwenye bomba moja yakiwa yamebanwa kwa nguvu inayoweza kuzidi mara 1,000 ile ya hewa tunayoivuta. Kompyuta ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke lini na ifungwe lini. Kwa sababu hiyo ina nguvu zaidi kwa mafuta machache zaidi, na kwa sababu hiyohiyo haisamehe. Chembe ambayo pampu ya zamani ingeimeza inaziua nozeli zile, na nozeli iliyokufa hairekebishwi chini ya mwembe. Inatakiwa mashine ya kuisoma kompyuta, inatakiwa nozeli nyingine, na nyingine hiyo inaagizwa.

Na mazutu yetu yanatoka wapi? Kuna vituo vyenye pampu mjini, lakini ukishashuka kusini utanunua kwa kadafi, wale vijana wenye bidoni na chupa kando ya barabara. Wanafanya kazi ya halali na bila wao barabara ingesimama. Ila bidoni imepita mikono mingi, imekaa mvuani, na hakuna anayejua kilichokuwamo kabla ya mazutu. Barabara ya Baraka inakata mito isiyo na subira, na magari huvuka mingine kwa kulowa. Kusimama njiani huko jioni ni hatari ya kweli kwa akina mama wenye mzigo na pesa ya mauzo, wala si usumbufu tu. Gari linalofika, hata likifika limechelewa na linatoa moshi, lina usalama wake ambao orodha ya vifaa haiuonyeshi.

Waswahili wana methali mbili ambazo zingeweza kupigana siku ile. Moja yasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nyingine yasema usiache mbachao kwa msala upitao. Akina mama walikuwa nazo zote mbili, na kila mmoja alichukua ile iliyolingana na alichokitaka tangu asubuhi. Methali hazikutusaidia kuchagua, na nadhani hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Zinatuonya tu kwamba moyo umeshaegemea upande fulani kabla ya akili kuanza kuhesabu.

Nami nikakumbuka chombo cha zamani kinachojulikana sana ziwani kwetu. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa huko, ikaingizwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wao wenyewe ili isichukuliwe. Lakini waliotumwa kuizamisha walikuwa mafundi, na kabla ya kuiachia iende chini waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua 1924, wakakuta mitambo haijaharibika sana, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilitembea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipotolewa mitambo hiyo na kuwekewa injini za dizeli. Zaidi ya miaka 100 baada ya kuundwa, watu walikuwa bado wanazungumzia kuikarabati, na hakuna aliyeizungumzia kama kitu kilichokufa.

Nimewaza sana juu ya grisi ile. Watu waliokuwa wanashindwa vita, wenye haraka na hofu, walitenga muda na mali kwa ajili ya siku ambayo huenda wasingeiona. Hiyo ndiyo iliyoifikisha Liemba hapa ilipo. Mwaka 1913 haukuiokoa wala haukuiangusha. Kila kizazi kilichoipokea kilitoa kitu juu ya bei yake: grisi, kisha kuibuliwa, kisha injini mpya. Chombo cha zamani kinachoendelea kuishi ni kile ambacho watu hawajaacha kukilipia.

Hapo ndipo nilipopata swali lililofaa kuulizwa, na nikaliuliza mbele ya wote: tukishalipa, mkononi kutabaki nini?

Kwa gari la 2005 jibu lilikuwa fupi. Kusingebaki kitu. Likelemba ingemalizika mpaka dola ya mwisho, na zamu inayofuata ilikuwa mbali. Wangekuwa na gari zuri lenye tairi za 2012, rejeta inayoota chumvi, na nozeli ambazo hakuna awezaye kuapa kwamba zitamaliza mwaka. Siku ya kwanza ya ubovu ingelikuta mifuko mitupu, na gari lingesimama uani huku magunia yakirudi juu ya magari ya watu. Gari la karibuni lisilo na akiba nyuma yake limeazima ujana wake, na deni hilo hudaiwa njiani.

Kwa gari la 1996 ingebaki ile tofauti yote. Na hapo pana mtego mkubwa kuliko ule wa nozeli. Mmoja wao, mwenye watoto watatu shuleni, alisema kwa haki kabisa kwamba pesa hiyo igawanywe, kila mmoja apumue. Hakuna aliyemlaumu. Mwezi wa Septemba unajulikana na kila mzazi wa Uvira. Yaya akakaa kimya, kisha akamjibu kwa upole:

"Mama, hizi pesa si zetu tena. Ni za gari. Tukizila, tutakuwa tumekula breki za watu."

Sijasikia jambo hili likisemwa vizuri zaidi. Tofauti ya bei kati ya la zamani na la karibuni si zawadi ambayo soko limekupa. Ni miaka yenyewe, imegeuzwa kuwa pesa: ni mikanda ambayo haipo, ni breki zilizochoka, ni moshi uliozidi. Anayenunua la zamani akaitia tofauti mfukoni amewakabidhi abiria uzee ule, naye akabaki na bei yake. Anayeirudisha garini amekinunua tena kile ambacho wakati ulikuwa umekichukua.

Kwenye barabara zetu hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba gari la mtu mmoja ni jambo la watu wengi. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, likalipuka, na zaidi ya watu 230 wakafa, wengi wao wakiwa watu wa kijiji ambao hawakuwa na gari wala safari. Kila anayetia gari barabarani hapa ametia mkono wake katika maisha ya watu ambao hawakushirikishwa kuchagua. Abiria wa Hiace haulizwi mwaka. Hupanda lililopo, kwa kuwa soko halimsubiri.

Basi wakanunua gari la 1996, na orodha ikaandikwa siku hiyohiyo kabla ya pesa kupata kazi nyingine. Breki zote zilifunguliwa, zikawekwa plaketi mpya, mipira mipya na mabomba mapya. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa, maana hakuna muuzaji anayejua kwa hakika ulibadilishwa lini, na ukikatika hausemi kabla. Nozeli zilipimwa na pampu ikarekebishwa, na moshi mweusi ukapungua mpaka kuwa wa kijivu. Viti vilifungwa upya sakafuni na kila kiti kikapata mkanda. Hayo ndiyo ambayo pesa iliweza kuyarudisha.

Kuna mambo ambayo pesa haikuyarudisha, na kwa hayo ilibidi walipe kwa nidhamu. Mlango ulibaki kushoto. Kukata bodi upande wa pili kungeudhoofisha ubavu, fundi akakataa. Wakaweka sheria: gari halisimami ila mahali linapoweza kutoka kabisa barabarani, na konvoyeri, yaani kondakta, anashuka kwanza, anasimama upande wa magari yanayokuja, ndipo mlango unafunguliwa kwa abiria. Breki za kisasa hazikuongezwa, kwa hiyo mwendo ukapunguzwa, na dereva alielezwa mbele ya wote kwamba hatalaumiwa kwa kuchelewa.

Na kuna deni ambalo halikulipika. Moshi wa kijivu bado ni moshi. Sina maneno ya kuupamba, na akina mama wenyewe hawakujaribu. Walikubaliana kwamba gari hili ni la kuwavusha, na kwamba sehemu ya mapato itawekwa kando kila mwezi ili linalofuata liwe la kizazi cha karibuni, likija na akiba yake tayari.

Neno hilo la mwisho ni la muhimu, kwa sababu sitaki mtu asome hapa kwamba la zamani ndilo bora. Mwenye kazi yake kati ya Kavimvira na Bujumbura, kwenye lami, karibu na karakana yenye mashine na kituo cha mafuta anachokiamini, na ambaye akishalipa bado ana akiba ya kununua nozeli, huyo namsihi achukue la karibuni. Atawapa abiria wake breki bora na hewa nafuu. Na atatupa jambo jingine zaidi. Kizazi cha 1989 nacho kilifika hapa kikiwa kigeni. Kuna mtu aliyekileta kwanza, akasumbuka nacho, akawapa mafundi wetu nafasi ya kukifungua na kukijua, mpaka leo mzee wa Kimanga anakisoma akiwa usingizini. Sote tukisubiri mafundi wajue ndipo tununue, nao wakisubiri tununue ndipo wajue, vijana wanaojifunza ufundi chini ya miembe yetu watazeeka na ujuzi wa injini ambazo dunia imeshaziacha. Mwenye uwezo wa kubeba hasara ya mwanzo ana wajibu wa kuibeba. Asiyeweza asiibebeshe familia yake kwa ajili ya namba kubwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo anayesimama kati ya magari mawili ningemwomba afanye hesabu moja kabla ya kusikiliza sifa za yeyote. Atoe bei ya kila moja kwenye pesa aliyonayo, atazame kinachobaki, kisha akiandikie kazi: tairi kwa tarakimu zake, breki, mikanda, nozeli, na akiba ya siku ya ubovu. Gari ambalo kinachobaki kinatosha kulifanya lisimdhuru mtu ndilo lake, liwe la mwaka wowote. Kama hakuna hata moja linalofikia hapo, asubiri zamu nyingine ya likelemba. Kusubiri nako ni uamuzi.

Nasi tunaopanda tuna sehemu yetu. Tuna haki ya kumuuliza dereva, kwa heshima na kwa sauti, breki za gari lake zilifunguliwa lini mara ya mwisho. Mwenye gari aliyeirudisha tofauti atakuwa na jibu, na jibu hilo litakuwa na mwezi ndani yake. Tuulize kabla ya kulipa nauli.